Google na bei ya kuwekwa mbele

Jumatatu ya Novemba 13, 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini Washington, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Kevin Murphy, alikuwa kizimbani akitoa ushahidi kwa upande wa Google, katika kesi ya ukiritimba iliyofunguliwa na serikali ya Marekani. Katikati ya maelezo yake alitaja hesabu moja: asilimia 36. Wakili mkuu wa Google, John Schmidtlein, alionekana akikunja uso. Hesabu hiyo ilikuwa siri ya biashara, na aliyeitoboa ni shahidi wa kampuni yenyewe.

Asilimia 36 ndiyo sehemu ya mapato ya matangazo ambayo Google huipa Apple kutokana na watu wanaotafuta mambo kupitia Safari, kivinjari kinachokuja na simu ya iPhone. Siku iliyofuata mkurugenzi mkuu wa Google, Sundar Pichai, alikuwa San Francisco akitoa ushahidi katika kesi nyingine kabisa. Aliulizwa kama hesabu hiyo ni ya kweli. Alikubali.

Mwaka 2022 pekee malipo hayo kwa Apple yalifika dola bilioni 20 hivi. Mwaka uliotangulia, Google ilikuwa imelipa jumla ya dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, kampuni za mawasiliano na wenye vivinjari. Fedha hizo hazikununua mtambo wala hati miliki. Zilinunua nafasi tu: kwamba mtu akifungua simu mpya na kuandika neno la kutafuta, neno hilo liende Google.

Kisanduku kilichowekwa tayari

Wataalamu wa kompyuta huiita nafasi hiyo chaguo-msingi. Ni mpangilio ambao mnunuzi anaukuta, na ambao hubaki hivyo mpaka aubadilishe mwenyewe. Kuubadilisha hakuhitaji fundi. Mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya simu, akatafuta sehemu husika, akachagua jina jingine. Wengi hawafiki huko, na wengi zaidi hawajui kwamba kuna kitu cha kubadilisha.

Nguvu ya mpangilio huo inaonekana katika kivinjari cha Edge cha Microsoft. Humo injini iliyowekwa tayari ni Bing, na karibu asilimia 80 ya utafutaji unaofanyika kupitia Edge huenda Bing. Katika soko zima la Marekani, Bing ina asilimia 6 hivi. Takwimu hiyo ina walakini wake, kwa kuwa anayebaki na Edge huenda tayari ni mtu asiye na ugomvi na bidhaa za Microsoft. Hata hivyo, kutoka 6 hadi 80 ni mbali mno kuelezwa kwa mapenzi peke yake.

Upande wa Google ulikuwa na mfano wake, nao ni mzuri. Mwaka 2014 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliiacha Google wakaiweka Yahoo mbele. Watumiaji wengi walifungua mipangilio wakarudi Google wenyewe, na mwaka 2017 Mozilla nao wakarudi. Hoja ya kampuni ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wanaitumia Google kwa sababu inajibu vizuri kuliko nyingine.

Lakini ikiwa watu wangeifuata Google popote ilipo, dola bilioni 26 za nini? Mawakili wa serikali walirudi kwenye swali hilo tena na tena.

> Dola bilioni 26.3 kwa mwaka mmoja, si kwa mtambo wala hati miliki, bali kwa nafasi ya kukutwa kwanza.

Sheria ya zama za mafuta ya taa

Kesi hiyo iliendeshwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1890 na kupewa jina la Seneta John Sherman wa Ohio. Wakati huo tatizo lilikuwa reli, sukari na mafuta. Mwaka 1911 sheria hiyo ndiyo iliyoivunja Standard Oil ya John D. Rockefeller ikawa kampuni 34.

Sheria ya Sherman haikatazi kampuni kuwa kubwa. Mfanyabiashara aliyewashinda wenzake kwa bidhaa bora au kwa bahati anaruhusiwa kubaki na soko lake lote. Kinachokatazwa ni kuupata ukiritimba, au kuulinda, kwa kuwafungia wengine njia. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ndio unaofanya kesi za aina hii zichukue miaka.

Kesi dhidi ya IBM ilifunguliwa mwaka 1969, ikafutwa mwaka 1982 bila hukumu. Kompyuta kubwa za ofisini zilizobishaniwa zilikuwa zimeanza kupitwa na kompyuta ndogo za mezani. Kampuni ya simu ya AT&T ilishtakiwa mwaka 1974, ikakubali kugawanywa, na Januari 1, 1984 mitandao yake ya mikoani ikawa kampuni saba zinazojitegemea.

Iliyo karibu zaidi na kesi ya Google ni ile ya Microsoft. Ilifunguliwa Mei 1998. Windows ilikuwa ndani ya zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta binafsi, na Microsoft ilitumia mikataba yake na watengenezaji wa kompyuta kuhakikisha kivinjari chake, Internet Explorer, ndicho kinachokutwa na mnunuzi. Aliyebanwa alikuwa Netscape, kampuni changa iliyokuwa imewaonyesha watu wengi intaneti kwa mara ya kwanza.

Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru Microsoft ikatwe vipande viwili. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya rufani iliifuta amri ya kukata, ingawa ilikubali kwamba sheria ilivunjwa. Shauri likaisha kwa makubaliano. Netscape, ambayo kesi ilionekana kuitetea, ilikuwa imeshauzwa kwa AOL na haikuinuka tena.

Wapo wanaosema kesi hiyo ilifanya kazi kwa njia nyingine: Microsoft, ikiwa chini ya macho ya mahakama, haikuthubutu kuwafungia njia wageni waliokuja baada ya Netscape. Mmoja wa wageni hao alisajiliwa California Septemba 1998, miezi michache tu baada ya kesi kufunguliwa. Jina lake Google. Dai hilo haliwezi kupimwa, maana hakuna anayejua Microsoft iliyo huru ingefanya nini, ila linarudiwa sana na watu waliokuwa karibu na shauri lile.

Wiki kumi mbele ya Jaji Mehta

Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo 11 waliishtaki Google Oktoba 20, 2020, katika utawala wa kwanza wa Donald Trump. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 12, 2023 chini ya utawala wa Joe Biden, na adhabu ikajadiliwa Trump akiwa amerudi madarakani. Katika siasa za Washington ni mambo machache yanayovuka tawala tatu bila kubadilika mwelekeo.

Jaji alikuwa Amit Mehta, mzaliwa wa Gujarat, India, aliyeteuliwa na Rais Barack Obama. Alisikiliza mashahidi kwa takriban wiki kumi bila baraza la wazee wa mahakama.

Satya Nadella, mkurugenzi mkuu wa Microsoft, alikuja kueleza kwamba kampuni yake ilikuwa tayari kupoteza hadi dola bilioni 15 kwa mwaka ili Bing iwekwe mbele kwenye Safari, na hata kuficha jina la Bing ikibidi. Apple haikukubali. Kulikuwa na kejeli ndogo ya kihistoria katika kumwona bosi wa Microsoft akilalamika mahakamani juu ya kufungiwa njia, lakini ushahidi wake ulikuwa na uzito. Ikiwa kampuni yenye utajiri wa Microsoft haiwezi kununua nafasi ile, ni nani mwingine ataiweza?

Jibu lilitolewa na shahidi mwingine, Sridhar Ramaswamy. Huyu aliwahi kuwa mkuu wa matangazo ndani ya Google yenyewe. Mwaka 2019 alianzisha Neeva, injini ya kutafuta isiyo na matangazo ambayo mtumiaji aliilipia. Alikuwa na fedha za wawekezaji na wahandisi wanaoijua kazi. Alichokosa ni mlango wa kuingilia kwenye simu na vivinjari vya watu. Neeva ilifunga huduma yake ya kutafuta mwaka 2023.

Jaji alitumia muda mwingi kwenye jambo ambalo nje ya mahakama halikuzungumzwa sana: data. Injini ya kutafuta hujifunza kutokana na wanaoitumia. Mtu akiandika neno na kubonyeza jibu la tatu badala ya la kwanza, mtambo unaandika hilo na kesho unapanga vizuri zaidi. Kwa siku moja Google hupokea maswali mara 9 ya yale yanayopokelewa na washindani wake wote kwa pamoja, na kwenye simu ni mara 19. Anayekutwa kwanza hupata maswali mengi, mwenye maswali mengi hujibu vizuri, na anayejibu vizuri hupata matangazo ya kulipia nafasi ya kukutwa kwanza tena.

Hapo ndipo hoja ya Google kwamba watu wanaichagua kwa ubora wake ilipoanza kuyumba. Hakuna aliyekana ubora huo, hata jaji mwenyewe. Ugomvi ulikuwa juu ya ulikotoka.

> Kwenye simu, Google hupokea maswali mara 19 ya yale ya washindani wake wote kwa pamoja.

Hukumu ilitoka Agosti 5, 2024, kurasa zaidi ya 270. Mehta aliamua kwamba Google ni mkiritimba na kwamba ilivunja sheria kuulinda ukiritimba wake. Ilikuwa na asilimia 89.2 ya utafutaji wa jumla nchini Marekani, na asilimia 94.9 kwenye simu. Aliona pia kwamba iliweza kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila hofu ya kukimbiwa na watangazaji. Mtumiaji anayetafuta bure hailipi bei hiyo moja kwa moja. Anaikuta ndani ya bei ya kiatu au ya tiketi ya ndege.

Kuuza Chrome au kutouza

Kupata hatia kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, kuamua la kufanya, ilikuwa ngumu zaidi.

Serikali iliomba Google ilazimishwe kuuza Chrome, kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani, na ikataka malipo ya kuwekwa mbele yapigwe marufuku. Google ilisema hayo yamepita kiasi, ikapendekeza mikataba ilegezwe tu. Usikilizaji ulianza Aprili 2025, na wanunuzi wakaanza kujitokeza kabla hata ya kujulikana kama kuna kinachouzwa. Nick Turley wa OpenAI aliiambia mahakama kwamba kampuni yake ingependa kuinunua Chrome. Agosti, kampuni changa ya Perplexity ilitoa ofa ya dola bilioni 34.5, fedha nyingi kuliko thamani ya Perplexity yenyewe.

Kilio cha kushangaza zaidi kilitoka Mozilla. Shirika hilo lililoanzishwa ili intaneti isimilikiwe na wakubwa wachache linaishi kwa malipo ya Google, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mapato yake. Mkuu wake wa fedha alionya kwamba malipo yakikatwa, Firefox inaweza kufa. Dawa iliyokusudiwa kuleta ushindani ingeua kivinjari kimojawapo kati ya vichache vinavyoshindana na Chrome.

Kisha kukaja akili mnemba. Wakati kesi inafunguliwa, ChatGPT haikuwepo. Ilitolewa Novemba 2022. Mei 2025 Eddy Cue wa Apple aliiambia mahakama kwamba mwezi uliotangulia utafutaji kupitia Safari ulikuwa umepungua kwa mara ya kwanza, na akahusisha upungufu huo na watu kuhamia kwenye akili mnemba. Siku hiyo hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, zilianguka kwa zaidi ya asilimia 7. Ushahidi uliowatia hofu wawekezaji ulikuwa, mahakamani, zawadi kwa Google: kumbe washindani wapo.

Septemba 2, 2025 Mehta alitoa uamuzi. Chrome haitauzwa. Malipo ya kuwekwa mbele yataendelea, ila mikataba ya kumfunga mtu asishughulike na wengine imepigwa marufuku, na marufuku hiyo inahusu pia Gemini, programu ya akili mnemba ya Google. Google itawapa washindani wanaostahili sehemu ya data zake za utafutaji, chini ya uangalizi wa kamati ya wataalamu. Jaji alieleza wazi kwamba kuja kwa akili mnemba kumebadili mwenendo wa shauri lake.

Kesho yake hisa za Alphabet zilipanda kwa takriban asilimia 9. Soko lilikuwa limeisoma hukumu kwa namna yake.

Ulaya ilipoweka orodha

Umoja wa Ulaya ulipita njia hiyo mapema. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android. Mahakama baadaye iliipunguza hadi bilioni 4.125. Faini ilivuma kwenye vichwa vya habari, ila lililofuata ndilo lenye mafunzo.

Google ilikubali kumwonyesha mnunuzi wa simu mpya ya Android orodha ya injini za kutafuta ili achague mwenyewe. Lakini nafasi za kwenye orodha ziliuzwa kwa mnada. Washindani walilazimika kumlipa yule yule aliyepatikana na hatia ili wapate kuonekana kando yake, na wenye kipato kidogo, kama injini zinazotanguliza faragha, walipigwa kumbo. Mnada uliondolewa mwaka 2021 baada ya malalamiko mengi.

Tangu Machi 7, 2024 sheria mpya ya masoko ya kidijiti inawalazimisha wakubwa waliotajwa, miongoni mwao Google na Apple, kutii masharti kabla ya kosa, badala ya kusubiri kesi ya miaka saba. Safari kwenye iPhone za Ulaya nayo sasa inamtaka mtu achague kivinjari. Washindani wadogo wamepata wateja wapya. Google bado inashika takriban asilimia 90 ya utafutaji barani humo. Mtu aliyezoea jina moja kwa miaka ishirini, akipewa orodha, hulitafuta jina hilo hilo.

Kesi nyingine, saa ile ile

Aprili 17, 2025 Jaji Leonie Brinkema wa Virginia aliamua kwamba Google ina ukiritimba haramu pia katika mitambo inayouza nafasi za matangazo kwenye tovuti za habari, jambo linalogusa moja kwa moja riziki ya vyombo vya habari.

Meta ilikuwa na bahati tofauti. Ilishtakiwa Desemba 2020 kwa kuinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 na WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, kwa madai kwamba ilinunua washindani badala ya kushindana nao. Novemba 18, 2025 Jaji James Boasberg aliitupa kesi. Alisema serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba Meta ni mkiritimba leo, na leo kuna TikTok na YouTube. Huenda mwaka 2014 jibu lingekuwa jingine, ila mwaka 2014 hakuna aliyefungua kesi. Ununuzi wote wawili ulikuwa umepita mikononi mwa wadhibiti bila kuzuiwa.

Mawakala wa Kenya

Afrika Mashariki ina mfano wake, ambao hauhusu utafutaji bali fedha za simu. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, na mikataba yake ilimkataza wakala kuhudumia mtandao mwingine. Kibanda chenye rangi ya kijani ya Safaricom kilikuwa cha kijani tu. Airtel ilipolalamika, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliingilia, na Julai 2014 sharti hilo likaondolewa.

Mlango ulifunguliwa, lakini wateja hawakuhama kwa wingi. Jirani, babu na mwenye nyumba wote walikuwa M-Pesa, na M-Pesa iliendelea kushika sehemu kubwa mno ya soko la Kenya. Sharti liliondoka baada ya kumaliza kazi yake.

Tanzania ilikwenda kinyume. Wakala wa Kariakoo au Mwanza alizoea tangu mapema kuweka simu nne mezani, kila moja na mtandao wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuruhusu fedha zitumwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Soko la fedha za simu nchini limebaki na washindani kadhaa wenye nguvu, na hapakuhitajika hukumu ya mahakama kulifikisha hapo.

Mkataba wa mwaka mmoja

Katika kesi ya utafutaji, suala la mwisho kuamuliwa na Mehta lilikuwa muda. Desemba 2025 aliongeza sharti: mkataba wowote wa kuiweka Google au Gemini mbele kwenye kifaa cha mtu usizidi mwaka mmoja. Apple itaendelea kupokea mabilioni yake ikitaka, ila kila mwaka itabidi ikae mezani upya, na siku hiyo mtu mwingine ataruhusiwa kuja na fungu lake.